Mwenyekiti anataka niandike tumekubaliana, na hatukukubaliana

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni katibu wa kamati ya wenye nyumba huku Malindi upande wa Casuarina, estate ndogo tu ya nyumba 22, kamati tuko watu saba tumechaguliwa mwaka huu na tangu tuingie ni vurugu tupu. Pampu ya kisima iliungua, mwenyekiti (mzee wetu, mwalimu mstaafu) akaja na bei ya 185,000 ya fundi mmoja, kumbe huyo fundi ni shemeji yake. Mweka hazina, dada mdogo kiumri lakini kazi yake ni hesabu, akasema hatoi pesa mpaka zije kwotesheni tatu. Mzee akaona kadharauliwa. Usiku akamwaga voisi kwenye grupu ya WhatsApp ati watoto wa juzi wanataka kumfundisha uaminifu, dada naye akamjibu hapo hapo nyumba zote zinasikia, akaposti na bei ya dukani aliyoulizia mwenyewe, 96,000. Sasa grupu imegawanyika, kuna wanaosema hawalipi tena ile 3,500 ya mwezi mpaka kamati ivunjwe, na maji bado tunanunua ya mkokoteni. Juu ya hayo mzee kanipigia simu faragha, anataka kwenye minitsi, kumbukumbu za mkutano, niandike kamati ilikubali bei ya fundi. Haikukubali, watu walinyamaza tu. Na huyu mzee alinifundisha darasa la sita Shangazi, nitamwambiaje?
Katibu, Malindi

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiandike. Naanza na hilo manake mengine yanaweza kungoja, hili haliwezi, siku pesa zikileta maneno kitakachofunguliwa ni kitabu chako na mwandiko ni wako, mzee hatakuwa na habari.

Andika mistari mitatu. Mwenyekiti alileta bei ya 185,000. Mweka hazina aliomba kwotesheni zaidi. Hakuna uamuzi uliopitishwa. Basi, usitie "kwa hasira" wala "kwa dharau", wala nani aliinuka kwa kishindo. Mzee akiuliza mwambie, "Mwalimu, nimeandika nilivyosikia, mkutano ujao zitasomwa na kama nimekosea wenzetu watasahihisha kabla hujatia sahihi." Na ndivyo zinavyokwenda minitsi, zinasomwa, mmoja anapendekeza, mwingine anaunga mkono, kwa hivyo humkatalii wewe peke yako na heshima yake ipo pale pale. Hilo la kunyamaza ndiyo kukubali mwachieni bibi harusi anapoulizwa na walii wake, kwenye pampu watu wanainua mikono.

Sasa hiyo pampu yenyewe, hebu tulieni kidogo kwanza. Umesema mzee ana 185,000 na dada ana 96,000 lakini hukusema ni pampu gani na gani, na mimi naona nusu ya ugomvi wenu imelala hapo. Visima vya huku karibu na bahari maji yake mengi yana chumvi, na chumvi inakula chuma, pampu ya bei rahisi unaitumbukiza na baada ya muda mfupi unaitoa imeoza, na ile ya stenlesi, chuma kisichoshika kutu upesi, bei yake iko juu. Tena fundi huenda amehesabu na mabomba, waya na kazi ya kuitoa mbovu, duka limekupa bei ya pampu ndani ya boksi basi. Inawezekana kabisa mzee hakuiba na dada hakukosea, kila mtu amelinganisha kitu chake! Wewe katibu chukua karatasi moja, andika kina cha kisima, nguvu ya pampu, ya chuma gani, waranti muda gani, kazi ya fundi imo au haimo, upeleke karatasi hiyo hiyo kwa mafundi watatu, na shemeji awe mmoja wao. Bei zikirudi hapo ndio mnalinganisha. Na msikae nayo mpaka Idi, watu wananunua maji.

Shemeji kuwa fundi si dhambi. Malindi hii ukikataa kila fundi aliye na jamaa kwenye kamati utachimba kisima mwenyewe. Kosa ni kwamba haikusemwa, watu wakaja kuijua barazani. Mwenye jamaa atangulie kuisema, iandikwe, na bei ikijadiliwa atoke nje amwachie kiti makamu. Hukuniambia mmesajiliwa vipi. Kama ni kampuni, Sheria ya Kampuni ya 2015 inamtaka mkurugenzi atangaze maslahi yake, si hiari. Kama ni chama chini ya Sheria ya Vyama, tazameni katiba yenu, na ikiwa haina kipengele hicho kitieni mkutano mkuu ujao.

Mweka hazina kwenye pesa namuunga mkono mia kwa mia, asiombe radhi kwa kuuliza risiti hata siku moja. Lakini mzee wa watu hasutwi mbele ya nyumba 22, hata kama yeye ndiye aliyeanza, na alianza yeye. Nenda kwa mzee baada ya alasiri na mtu mmoja anayemheshimu, mmoja tu, mkienda kundi ataona mmekuja kumhukumu. Msianze na pampu. Mwambieni ile voisi imemshusha yeye kuliko ilivyomshusha dada, na wanaoicheka ni wapangaji wasiolipa hata senti. Akilainika ndio muwakalishe wawili wao, kila mmoja afute alichoposti, halafu ile grupu iwekwe admini tu ndio wanaoandika, iwe ya matangazo, maji yamekuja, takataka zinachukuliwa lini. Maamuzi ya pesa hayafanywi kwa voisi.

Hao waliogoma kulipa waambie hivi, kama mmesajiliwa kuwa chama, Sheria ya Vyama inampa mwanachama haki ya kukagua vitabu vya hesabu, waje wakague na chai mtawapa. Wakitaka kamati ivunjwe njia iko kwenye katiba, waitishe mkutano. Ila wajue mkifika mahali mna kamati mbili na kila moja inasema ndiyo halali, msajili wa vyama akiwa hajui maofisa ni nani ana uwezo wa kuwapa mwezi mmoja mlete ushahidi kwamba mmesuluhishana au mmeenda kortini, mkishindwa anaweza kuufuta usajili wenu. Hapo akaunti ya benki nani atatia sahihi?

SWALI: Shangazi mambo, sisi ni kamati mpya ya mtaa huku Lamu, tuna mwenzetu mmoja akikasirika tu anatangaza amejiuzulu, kesho kwenye mkutano yeye ndiye wa kwanza kukaa, na mambo yanasimama tukimbembeleza. Tumfanyeje?
Tumechoka, Lamu

JIBU: Acheni kumbembeleza, anapata utamu. Pitisheni kwamba kujiuzulu ni kwa barua yenye sahihi kwa katibu, ya mdomo na ya voisi haihesabiwi, na barua ikipokelewa kiti ni wazi mpaka wanachama wachague. Akitangaza tena, katibu amjibu kwa adabu, "Tumesikia, tunasubiri barua," halafu endeleeni na ajenda inayofuata.