Chuo cha jamii Marekani: kuingia ni rahisi, kuhudhuria ndiko kwenye kazi

Wadogo zangu mnaoanza chuo cha jamii (community college, chuo cha miaka miwili) hapa Marekani, kupokelewa kusiwanyime usingizi. Vyuo hivi havichuji kama vyuo vikuu. Vingi vinampokea yeyote mwenye cheti cha sekondari au GED (mtihani unaochukua nafasi ya cheti hicho), halafu vinakupima Kiingereza na hesabu ili vijue uanzie darasa lipi. Usiingie kwenye kipimo hicho bila kujiandaa. Ukipangiwa madarasa ya msingi, unaweza kulipia muhula mzima na krediti zake, yaani vipimo vya masomo unavyokusanya, zisihesabiwe kwenye shahada.

Vyeti vya nyumbani vishughulikie mapema, hasa ninyi mliosoma kwa Kifaransa kule Kongo, maana kutafsiri na kutathmini huchukua muda. Uliza pia habari ya ukazi: majimbo mengi hutaka uwe umeishi hapo mwaka mzima ndipo ulipe ada ya mwenyeji, na tofauti ya ada hizo mbili ni kubwa mno.

Sasa nisikilizeni kwenye mahudhurio, kwa sababu hapo ndipo nimeona wenzetu wengi wakiumia.

Muhula wangu wa kwanza nilikosa vipindi viwili vya mwanzo vya hesabu. Nilidhani wiki ya kwanza ni ya kujuana tu. Siku ya tatu nafungua akaunti yangu ya chuo, somo halipo. Mwalimu alikuwa ameniondoa, nafasi akapewa aliyekuwa kwenye orodha ya kusubiri. Nilibaki na krediti 9, nami nilikuwa na viza ya F-1, ile ya mwanafunzi wa kigeni, inayodai krediti 12 kila muhula, na katika hizo darasa la mtandaoni linahesabiwa moja tu, lisilozidi krediti 3. Nilikaa nje ya ofisi ya wanafunzi wa kigeni tangu asubuhi, I-20 (hati ya chuo inayoambatana na viza hiyo) mkononi, mikono inatetemeka. Ofisa alinitafutia darasa linaloanza kwa kuchelewa, nikapona. Wewe usingoje kuponea hapo. Mwenye F-1 haachi somo likamshusha chini ya krediti 12 kabla ofisa huyo hajamruhusu, hata akiwa mgonjwa.

Wenye msaada wa serikali wa masomo nao wana mtego wao. Ukiacha masomo yote kabla asilimia 60 ya muhula haijapita, sehemu ya fedha hurudishwa, na chuo kinaweza kukudai wewe. Na kutokwenda darasani si kuacha somo! Jina lako linaendelea kukaa pale, mwisho wa muhula unakuta F, yaani umefeli. Ukijiondoa rasmi kabla ya tarehe ya mwisho, unapata W, alama ya kujiondoa, ambayo haishushi wastani wako wa alama, ingawa krediti hizo bado zinahesabiwa kuwa ulizijaribu ukazikosa.

Kila mwalimu ana sheria zake, na zimo kwenye silabasi, ile karatasi ya mpango wa somo. Mmoja anasamehe siku tatu, mwingine kuchelewa mara mbili kwake ni sawa na kukosa siku moja. Isome siku ile ile unapopewa. Ukipangiwa zamu ya kazi inayogongana na kipindi, mwandikie mwalimu kabla ya kipindi, si baada yake. Mimi walimu wangu walinielewa kila nilipowahi kusema. Tarehe ya kujiondoa iandike kwenye simu leo, na uweke kengele wiki moja kabla.