Kwa wanaohamia Marseille: nyumba, sanaa na watu wa kukushika mkono

Kila ikikaribia Septemba, vijana wanaokuja Marseille, kusini mwa Ufaransa, kwa masomo au kazi huniuliza swali lilelile: chumba napataje? Wanataka niwatajie tovuti. Tovuti zipo nyingi, lakini kwa ninavyoujua mji huu, vyumba vingi vizuri havifiki kwenye matangazo. Anayehama humwambia mwenzake wa kwaya, wa mpira, wa msikitini au kanisani, na chumba kinakuwa kimeshachukuliwa. Kwa hiyo nawashauri mambo mawili yanayokwenda pamoja: karatasi zenu ziwe tayari kabla hamjapanda ndege, na mkishatua, ingieni kwenye sanaa na shughuli za mji tangu wiki ya kwanza, hata kama bado mnalala kwa rafiki au hosteli.

Tuanze na karatasi. Mwenye nyumba au wakala atakuomba pasipoti na viza, barua ya chuo au mkataba wa kazi, slipu tatu za mwisho za mshahara kama umeajiriwa, na mdhamini. Wengi hutaka kipato kifike mara tatu ya kodi, na mdhamini awe mtu wa Ufaransa. Mjomba wa Arusha, hata awe na mali kiasi gani, mara nyingi hawamkubali. Hapo ndipo Visale inapokuokoa. Ni dhamana ya bure kutoka Action Logement, shirika la makazi la Ufaransa: ukishindwa kulipa kodi, wao humlipa mwenye nyumba, kisha wewe unawarudishia taratibu. Wenye miaka 18 hadi 30 huiomba mtandaoni, wakiwemo wanafunzi wa kigeni wenye viza ya muda mrefu. Iombe kabla ya kusaini mkataba, maana ukishasaini umechelewa. Karatasi zako zote ziweke DossierFacile, huduma ya serikali isiyolipiwa. Wanazikagua, wanazipanga, na wewe unamtumia mwenye nyumba kiungo kimoja tu.

Kuhusu amana, sheria iko wazi: chumba kisicho na samani haizidi kodi ya mwezi mmoja, chenye samani haizidi miezi miwili. Anayekuambia yuko nje ya nchi, utume pesa kwanza na funguo zitakuja kwa posta, huyo ni tapeli, achana naye. Na ile ruzuku ya kodi iitwayo APL, inayotolewa na CAF, shirika la umma la misaada kwa familia, iombe mara tu unapohamia kwa sababu hawalipi miezi ya nyuma, lakini usiitie kwenye hesabu zako kabla hujapata jibu. Masharti yake kwa wanafunzi wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya hubadilika.

Sasa naomba mnisikilize kwa makini kuhusu ukaguzi wa nyumba. Tarehe 5 Novemba 2018, majengo mawili ya rue d'Aubagne, katika mtaa wa Noailles, yaliporomoka na kuua watu 8. Wakazi walikuwa wamelalamika kuhusu nyufa na milango isiyofunga. Baada ya hapo maelfu ya watu walihamishwa kutoka majengo mengine yaliyoonekana hatari. Noailles ni mtaa ninaoupenda sana, pale sokoni unapata mihogo, bamia, ndizi za kupika na pilipili kama za nyumbani, na siwaambii muukimbie. Nawaambia mtazame.

Nyumba za katikati ya Marseille ni nyembamba, madirisha matatu kwa mbele, na ndani sakafu ya vigae vyekundu vya pembe sita. Ukienda kuona chumba, nenda mchana. Panda ngazi polepole na uangalie kama zimelalia upande mmoja. Fungua na ufunge kila mlango na kila dirisha. Mlango unaokwaruza sakafu unaweza kuwa dalili kwamba jengo linatembea. Gusa ukuta wa nyuma ya kitanda na ule wa bafuni, kwa sababu ukungu huanzia huko. Ukiona ukuta mmoja umepakwa rangi mpya na mingine ina rangi ya zamani, uliza kulikuwa na nini. Simama dirishani usikilize upepo: mistral, upepo mkali wa kaskazini, ikivuma wakati wa baridi, dirisha bovu litakula umeme wako wote. Siku ya kukabidhiwa funguo mtajaza état des lieux, yaani orodha ya hali ya chumba. Piga picha kila kona, na kumbuka una siku 10 za kuomba kasoro uliyoigundua baadaye iongezwe. Amana yako itarudi au itapotea kwa karatasi hiyo.

Nije kwenye sanaa, ambayo wageni wengi huiona ni anasa ya baadaye. Marseille inampa mtu asiye na pesa mengi mno kuliko anavyodhani. Maktaba ya Alcazar pale cours Belsunce, iliyofunguliwa 2004 mahali palipokuwa ukumbi wa muziki, unaingia bure. Utapata joto, intaneti, vitabu, na ubao wa matangazo ya shughuli za mtaani. Makumbusho ya manispaa hayatozi kiingilio kwa maonyesho ya kudumu, ikiwemo Vieille Charité katika mtaa wa Panier, jengo la karne ya 17 lililojengwa kuwahifadhi maskini na leo lina makumbusho ya sanaa za Afrika. Mucem, makumbusho ya tamaduni za Ulaya na Mediterania pale bandarini, ilifunguliwa 2013, mwaka ambao Marseille ilikuwa mji mkuu wa utamaduni wa Ulaya. Jumapili ya kwanza ya mwezi hulipi kitu.

Lakini makumbusho unatazama na kuondoka, na wewe unahitaji mahali pa kurudi kila wiki kwa saa ileile. Nenda Friche la Belle de Mai, kiwanda cha zamani cha tumbaku ambacho wasanii waliingia mwaka 1992. Kuna kumbi za tamthilia, studio, uwanja wa kuteleza kwa ubao, na paa kubwa ambako watu hukusanyika wakati wa kiangazi. Jiunge na kikundi cha ngoma, kwaya au tamthilia chini ya mojawapo ya vyama vya kiraia vya mji. Kifaransa chako kitakomaa huko haraka kuliko darasani, kwa sababu mazoezini unarudia sentensi moja mpaka ulimi unalainika, na hakuna anayekucheka.

Halafu kuna Wangazija. Jamii ya Wakomoro hapa ni kubwa. Mabaharia wao walianza kufika na meli za Kifaransa miaka mingi kabla Komoro haijapata uhuru mwaka 1975. Lugha yao ni ndugu ya Kiswahili na muziki wao wa twarab ni ndugu ya taarab ya Unguja. Mwisho wa juma hukodi kumbi na kufanya harambee za vijiji vyao, kujenga shule au msikiti. Ukialikwa, vaa vizuri, wasalimie wazee kwanza, toa mchango wako hata kama ni mdogo, na kaa mpaka mwisho. Akina mama wa pale ndio wanaojua nani ana chumba, nani anahama, na jengo gani lina matatizo.

Ukipata chumba kwa njia hiyo, bado mambo yaandikwe. Anayekupangisha akiwa naye ni mpangaji, omba uone idhini ya maandishi ya mwenye nyumba. Akikukaribisha bure, mwombe attestation d'hébergement, barua ya kuthibitisha unaishi kwake, pamoja na nakala ya kitambulisho chake na bili ya umeme. Utaihitaji benki na katika taratibu za kibali cha ukaazi. Na kabla hujaingiza masanduku, mwombe apige simu kwenye bima yake ya nyumba waongeze jina lako.