Mshauri elekezi wa kupitia utazamaji wetu wa uchaguzi: tumtafute vipi?

SWALI: Ni mratibu wa asasi ndogo hapa Arusha. Kwenye Uchaguzi Mkuu wa Oktoba 2025 tulikuwa na watazamaji katika baadhi ya kata za Jiji, Meru, Monduli na Longido. Mfadhili anataka tumpate mshauri elekezi apitie tuliyojifunza na kuandika ripoti, kwa siku 25 za kazi. Hadidu za rejea tulizoandika, yaani maelezo ya kazi tunayotaka ifanywe, zimefika kurasa kumi na moja, na mwenyekiti wetu anasema bado haelewi tunataka nini. Tuweke nini, tuondoe nini? Na je, kazi hii tumpe mwezeshaji aliyewafundisha watazamaji wetu, kwa kuwa anatufahamu?

JIBU: Ndugu mratibu, nakusihi usitangaze kazi hiyo kwanza. Mwenyekiti wako ana haki ya kutoelewa, kwa sababu hadidu zikifika urefu huo kwa kawaida zimebeba kazi mbili. Kutathmini uchaguzi ni kazi moja: kampeni zilikwendaje, vituo vilifunguliwa lini, mawakala walikuwepo, kura zilihesabiwaje. Kutathmini utazamaji wenu ni kazi nyingine kabisa: watu mliwapataje, mliwafundisha nini, dodoso liliwauliza nini, taarifa ilitoka kituoni ikafikaje ofisini, na yale mliyoyasema hadharani yalikuwa na ushahidi wa kutosha au la. Msipozitenganisha, mshauri ataandika ripoti ya pili ya uchaguzi, maana ndiyo rahisi kuandika na ndiyo inayosomeka. Ninyi mtabaki na maswali yenu yaleyale.

Kwa hiyo kaeni kwanza, ninyi wenyewe, mjiulize ni uamuzi gani unaosubiri ripoti hii. Wengi hujibu haraka kwamba ni maandalizi ya 2030. Lakini kabla ya hapo kuna uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2029, na huo una utaratibu wake. Ule wa Novemba 27, 2024 ulisimamiwa na Ofisi ya Rais, TAMISEMI, wakati Uchaguzi Mkuu ulikuwa chini ya Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi. Mamlaka ni tofauti, na mwongozo na kibali ni tofauti. Kama mlitazama chaguzi zote mbili, mafunzo yake yasichanganywe kwenye sura moja. Kama hamkutazama ule wa mitaa, uamuzi wenu wa kwanza ni kama mtautazama 2029, na hilo peke yake ni swali zuri la kumpa mshauri. Maswali matatu au manne ya namna hiyo yanatosha, na hadidu zote zitaingia kurasa tatu.

Sasa nije kwenye madodoso, kwa sababu hapo ndipo mafunzo mengi yamelala na ndipo washauri wengi hawafiki. Mshauri asikubali kupewa jedwali la kompyuta peke yake. Aombe makaratasi yenyewe, au picha za fomu kama mlitumia simu, achague kadhaa kutoka kila wilaya na ayalinganishe na jedwali. Angalia kitu kidogo kama saa. Vituo vyetu hufunguliwa saa 1:00 asubuhi na kufungwa saa 10:00 jioni. Mtazamaji wa Longido ameandika “1:15”, akimaanisha saa moja na robo asubuhi. Kijana wa kuingiza takwimu mjini ameiacha ilivyo, na kompyuta imeisoma kama saa saba na robo usiku. Mwenzake wa meza ya pili ameigeuza 13:15. Wa tatu, aliyeelewa, ameandika 07:15. Mkipiga wastani wa takwimu zilizochanganyika hivyo mnaweza kupata saa ambayo hakuna kituo kilichofunguliwa, na huenda mmeshaitangaza. Swali jingine la kuchunguza ni lile la “Je, mawakala wa vyama walikuwepo?” lenye visanduku viwili tu, ndiyo na hapana. Aliyemkuta wakala mmoja amejaza ndiyo, na aliyewakuta watano naye amejaza ndiyo. Kosa hapo ni la mwandishi wa dodoso. Mtazamaji amejibu alichoulizwa, na mshauri makini ataliandika hivyo bila kumbebesha lawama mtu aliyesimama kituoni mchana kutwa.

Jambo la pili lenye uzito: msimwombe mshauri asilimia zisizowezekana. Ninavyodhani, watazamaji wenu mliwaweka pale mlipokuwa na wanachama au mlipoweza kulipa nauli. Hiyo si sampuli nasibu, yaani vituo vilivyochaguliwa kwa bahati nasibu, na haiwezi kuzungumzia vituo vyote vya Monduli, sembuse vya mkoa. Ujumlishaji sambamba wa kura, yaani watazamaji kujumlisha wenyewe matokeo ya vituo walivyochagua ili kuyalinganisha na yaliyotangazwa, kama walioufanya wenzetu wa ELOG, mtandao wa watazamaji wa uchaguzi nchini Kenya, mwaka 2013, 2017 na 2022, unasimama kwa sababu vituo vilichaguliwa kitakwimu kabla ya siku yenyewe. Mshauri aseme wazi ni kauli zipi kwenye ripoti yenu zilivuka mipaka ya ushahidi wenu. Ni sura chungu kuisoma, na ndiyo nitakayoifungua kwanza nikiletewa ripoti yenu.

Kuhusu mawasiliano, swali haliwezi kukwepwa. Oktoba 29, siku ya kupiga kura, intaneti ilizimwa, na kila asasi iliyokuwa imejenga mfumo wake juu ya WhatsApp au fomu za mtandaoni ilikwama. Mshauri afuatilie taarifa za kituo kimoja kimoja: nani alipiga simu ya kawaida, nani alituma ujumbe mfupi, nani alibaki na karatasi mfukoni na ikafika ofisini siku ngapi baadaye. Pia aulize, kwa upole na faragha, kama watazamaji walijiona salama na kama walijua wampigie nani mambo yakiharibika. Mahojiano hayo yafanyike bila waratibu kukaa pembeni. Na kwa Longido na Monduli, mhojaji mmoja awe anajua Kimaasai, hasa kwa kina mama.

Yule mwezeshaji hapana, hata kama ni mtu mwadilifu. Mafunzo aliyotoa ni sehemu ya kinachotathminiwa, na hawezi kuwa shahidi na hakimu. Muwekeni kwenye orodha ya wa kuhojiwa, atakuwa na mengi. Vivyo hivyo aliyegombea au kufanya kazi ya chama katika uchaguzi huo asiombe. Kanuni za kimataifa za watazamaji raia, zilizozinduliwa Umoja wa Mataifa New York mwaka 2012, zinadai kutoegemea chama chochote, na anayewapima apimwe kwa kipimo hicho. Kwenye usaili, badala ya kumwuliza uzoefu wake, mpeni madodoso kumi yaliyofutwa majina na nusu saa, kisha aeleze ameona nini. Atakayegundua tatizo la saa, huyo mpeni kazi.

Siku 25 zinatosha mkizigawa vizuri: kama kumi ziwe wilayani, tano kwenye madodoso na takwimu, tatu za nyaraka, na zilizobaki kuandika na kurudisha mrejesho. Anayependekeza siku kumi na tano za kuandika anataka kukaa hotelini.

Majina na namba za simu za watazamaji msimpe bila sababu. Tumieni namba maalumu badala ya majina, na mkataba utaje Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kodi ya zuio, ile mnayoikata kwenye malipo yake na kuipeleka serikalini, ni asilimia 5 kwa mshauri mkazi na 15 kwa asiye mkazi, basi andikeni mapema kama ada mliyotaja ni kabla au baada ya makato. Ugomvi mwingi huanzia hapo.

Malipo yagawanywe mara tatu: ripoti ya kuanza inayoeleza atakavyofanya kazi, rasimu, na ripoti ya mwisho. Hii ya mwisho isitoke mpaka mshauri awe amekaa na watazamaji wenyewe, Arusha mjini na Longido, akawasomea matokeo kwa Kiswahili na kusikia wanayoyakataa, na mpaka muhtasari wa kurasa nne wa Kiswahili uwe mikononi mwao. Ripoti ndefu ya Kiingereza mfadhili apelekewe baada ya hapo.