Usiziguse seli shina zako na tripsini!

Weka hiyo tripsini, kimeng'enya cha kutenganisha seli, chini. Umeuliza seli shina za pluripotenti ni nini na zinageuka kuwa nini, halafu mwishoni ukatupia kwamba kesho unazitawanya zako mojamoja "kama HeLa", zile seli za saratani za maabara. Mungu wangu.

Haraka: ni seli zinazoweza kuzaa seli za tabaka zote tatu za kiinitete, yaani neva na ngozi, damu na misuli ya moyo, ini na kongosho. Kondo la nyuma kwa kawaida halimo. Sasa turudi kwenye tripsini.

Seli hizi za binadamu huishi kwa kushikana. Ukizitenganisha, kimeng'enya ROCK kinachachamaa, mayosini, protini ya kukaza seli, inajikaza, utando unavimba malengelenge na seli inajiua. Za panya huvumilia. Ndiyo maana nawalaani wanaosambaza maelekezo ya seli za panya baada ya kufuta neno "panya" tu!

Tena kufa ni afadhali. Balaa ni zinazosalia. Kila ukizichuja hivyo unazipendelea zilizojiongezea kipande cha kromosomu ya 20, 20q11.21, chenye jeni ya BCL2L1 inayozuia seli kujiua. Ukizihamishia sahani mpya mara kadhaa, sahani nzima inakuwa yao. Zinakua mbio, OCT4, alama ya upluripotenti, inaonekana safi, unajisifu. Na kipimo cha kawaida cha kupaka kromosomu rangi kinaweza kukikosa kipande hicho kwa udogo wake. Pima kwa qPCR (kuhesabu nakala za DNA) au FISH (kuweka alama zinazong'aa kwenye kromosomu).

Hamisha kwa vipande. Sahani ikijaa asilimia 70 hadi 80, suuza kwa PBS (maji ya chumvi ya maabara) isiyo na kalisi wala magnesi, weka EDTA, kemikali inayonasa kalisi inayozishikanisha seli, ya milimola 0.5 kwa lita kwa dakika 3 hadi 5 katika joto la chumba. Mianya ikianza kuonekana kati ya seli, fyonza EDTA yote kabla hazijang'oka. Mimina midia (chakula cha seli), vuta na kusukuma kwa pipeti mara 2 au 3, basi. Ukizidisha umerudi kulekule kwa mojamoja. Sentrifuji ya nini? Gawa 1 kwa 6, yaani sahani moja iwe sita.

Ukilazimika kuzitenganisha, mfano kwa kuhariri jeni, tumia Accutase, mchanganyiko wa vimeng'enya mpole zaidi, na Y-27632, dawa ya kuzuia ROCK, ya mikromola 10 kwa lita kwa saa 24, kisha uiondoe dawa hiyo. Niiteni mganga wa EDTA, nimezoea.

Na hiyo kesho, kabla ya lolote, gandisha mirija kadhaa ya hizo ulizo nazo.