Barua kwa mwanangu: Upole wa Baraka

Mwanangu Neema,

Umeniuliza kama mwanao Baraka aachwe alivyo, maana ni mpole tangu utotoni, au ahamishwe shule. Usimhamishe kwanza.

Nimefundisha sekondari hadi nikastaafu, na kidato cha kwanza ndipo nilipoona watoto wakinyamaza ghafla. Msingi kasoma kwa Kiswahili, mkono haushuki. Akifika sekondari masomo karibu yote ni kwa Kiingereza. Anakosea neno moja, darasa zima linacheka, anatoka hapo na jina la utani. Zamu ya kusoma ikianza anahesabu madawati ajue aya ipi itamwangukia, wenzake wanasoma nini hasikii. Nasi wakubwa tunamsifu: mtoto ana adabu huyu! Ndiyo maana hofu hii ya kutazamwa na kuchekwa hatuioni.

Mpole ana rafiki yake mmoja, ametosheka. Mwenye hofu anawatamani wenzake, ila Jumapili jioni tumbo linamuuma. Madaktari wa akili huangalia kama hali imedumu miezi 6 na zaidi na inamkwamisha. Wewe mwenyewe umesema tangu Januari Baraka hali chakula cha mchana shuleni kwa kuogopa kutazamwa. Huo si upole.

Kuna utafiti wa Thomas Gilovich na wenzake, Marekani, wa mwaka 2000. Mwanafunzi alivalishwa fulana ya aibu yenye picha ya mwimbaji Barry Manilow, akaingizwa kwa wenzake. Wavaaji walidhani karibu nusu ya waliokuwamo wameitambua picha. Kumbe walioitambua hawakufika hata robo. Msimulie, atacheka, ingawa hofu haitaondoka kwa hadithi.

Itapungua kwa kuizoea kidogo kidogo. Aende dukani mwenyewe. Asome aya moja mbele ya mwalimu peke yake, kisha mbele ya wanafunzi wawili. Akikwepa anapata nafuu leo, kesho hofu imenenepa. Na kuhama shule ndiko kukwepa kukubwa. Nawe acha kumjibia wageni, hata akichelewa kujibu.

Kama kuna wanaomtesa, hilo ni jingine: nenda kwa mwalimu wa malezi. Asipopata nafuu, mpeleke kitengo cha afya ya akili Muhimbili, bila kuona haya.

Desemba mlete Morogoro. Nitamtuma sokoni, bei ya nyanya abishane mwenyewe. Mwambie baba yake asimwongezee hela.

Baba yako