Wiki mbili kabla ya mtihani wa kidato cha sita: jibu kwa mdogo wangu wa PCB anayetetemeka mikono

Mdogo wangu, nimelisoma swali lako mara mbili kabla ya kuandika. Umesema zimebaki siku 14 kabla ya pepa ya kwanza, unasoma Fizikia, Kemia na Baiolojia, unataka udaktari, usiku unaota umefika shuleni na kukuta mlango wa chumba cha mtihani umefungwa, na kwenye mazoezi ya maabara mikono inatetemeka hadi mwenzako anakushikia pipeti, ule mrija wa kupimia kimiminika. Umeuliza kama ukeshe, utatulizaje mikono, na ufanye nini swali likikushinda. Mimi niko mwaka wa nne wa udaktari, na yote matatu niliyapitia, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona mwenyewe.

Kwetu Tanzania hakuna mtihani mwingine wa kuingilia chuo cha udaktari. Matokeo ya kidato cha sita yanayotolewa na Baraza la Mitihani ndiyo mlango wenyewe. Kufaulu masomo yote matatu ni sharti la kuanzia tu, kwa kuwa nafasi ni chache na waombaji ni wengi. Ndiyo maana kila pepa inaonekana imebeba maisha yako yote. Ninachokuomba ni kwamba wiki hizi mbili usizitumie kuongeza mada mpya, bali kuuzoesha mwili wako mtihani wenyewe, yaani saa, mkono, tumbo na usingizi, kwa sababu wenzangu kadhaa niliowajua kuwa hodari waliangushwa na jambo walilokutana nalo kwa mara ya kwanza siku ile ile.

Kuhusu kukesha, nilikesha kabla ya pepa ya Baiolojia ya mtihani wa utamilifu wa mkoa. Swali moja lilihusu jinsi nefroni, vile vichujio vidogo vya figo, inavyofanya kazi. Niliuona ukurasa wa daftari langu waziwazi kichwani, nikauona hata mchoro niliouchora kwa kalamu ya bluu na nyekundu, lakini majina ya sehemu zake yalikuwa yamefutika, na mengine yalirudi nikiwa njiani kuelekea bwenini. Usingizi ndio unaoyatia mizizi yale uliyosoma mchana, na ukiunyima usiku mmoja unapoteza zaidi ya kurasa ulizoziongeza. Tangu siku ile nililala saa nne na kuamka saa kumi na moja, na kahawa nikaiacha baada ya chakula cha mchana.

Badala ya kusoma upya, nilikuwa nafunga daftari na kueleza kwa Kiswahili. Mtihani wetu unatungwa kwa Kiingereza, na ni rahisi mno kukariri sentensi nzima bila kuielewa. Wikendi niliyoruhusiwa kwenda nyumbani nilikaa jikoni na mama akichambua mchele, nikamweleza jinsi figo linavyochuja damu na kurudisha sukari yote mwilini. Akaniuliza, bila kuacha kazi yake, "Sasa kama inarudishwa yote, mbona mgonjwa wa kisukari inatoka kwenye mkojo?" Nilikwama. Nilikuwa nimekariri kwamba sukari hurudishwa, lakini sikuwa nimeelewa kwamba vibebaji vyake vina kikomo, na sukari ikizidi kwenye damu vinaelemewa na inayobaki inapita. Swali la mama lilinifundisha kuliko marudio ya usiku tatu. Mtafute mtu wa namna hiyo, hata mdogo wako wa darasa la saba.

Saa nayo ina hesabu yake. Chukua pepa ya Kemia ya mpangilio niliofanya mimi: saa 3, maswali 7 ya lazima yenye jumla ya alama 70, kisha unachagua mawili kati ya matatu yenye alama 30. Ukigawa dakika 180 kwa alama 100, swali la alama 10 linapata dakika 18 na la alama 15 linapata dakika 27, na hapo hubaki na dakika hata moja ya kusoma maswali wala kupitia majibu. Mimi nilijiwekea dakika 16 na dakika 25, nikabakiwa na dakika 18 mkononi. Fanya pepa za miaka iliyopita kwa saa hizo hizo, ukiwa umekaa kwenye kiti kigumu, asubuhi, bila simu wala maji ya kunywa kila dakika. Nne zilizofanywa hivyo na kusahihishwa kwa ukali zinatosha.

Sasa mikono, ambayo naona ndiyo inayokutesa hasa. Kwanza ujue inatoka wapi: mwili ukihisi hatari unamwaga adrenalini, moyo unakwenda mbio, tumbo linavuruga na vidole vinatetemeka. Hakuna kilichoharibika ndani yako. Kinachosaidia papo hapo ni kuvuta pumzi taratibu na kuitoa kwa muda mrefu zaidi ya ulivyoivuta, mara tano au sita, kwa sababu mapigo ya moyo hupungua tunapotoa pumzi. Lakini dawa kubwa ni kuzijua hatua za maabara kiasi kwamba mkono hausubiri kuambiwa na kichwa.

Katika praktiko yangu ya Kemia, yaani mtihani wa vitendo ambapo unadondosha asidi kwenye besi hadi rangi igeuke, nilitetemeka hivyo hivyo. Nilipokuwa najaza bureti, ule mrija mrefu wenye vipimo na koki chini, asidi ilimwagika kidogo mezani, na niliona kijana wa meza ya mbele yangu tayari anaandika usomaji wake wa kwanza. Nikaweka kila kitu chini, nikafuta meza, nikaanza hatua ya kwanza kana kwamba ndiyo kwanza naingia: bureti inasuuzwa kwa myeyusho utakaoingia humo, pipeti vivyo hivyo, lakini chupa ya koni inasuuzwa kwa maji tu, kwa kuwa ukiisuuza kwa myeyusho, mabaki yanaongeza moli (kiasi cha kemikali) ambazo hukuzipima na hesabu yako yote inapinda. Nikatoa faneli juu ya bureti, maana tone linalodondoka kutoka kwenye faneli katikati ya kazi linaharibu usomaji. Nikahakikisha ncha ya chini haina povu la hewa. Nikaweka karatasi nyeupe chini ya chupa. Duru ya kwanza niliifanya ya kukadiria tu, na hiyo ndiyo iliyoniokoa, kwa sababu nilipojua rangi inageuka karibu na wapi, duru zilizofuata niliachia kwa kasi hadi nikaribie, kisha tone moja moja, huku mkono wa kushoto kwenye koki na wa kulia ukizungusha chupa. Nilipofika tone la mwisho, nilitazama mikono na kukuta imetulia. Sikuweza kusema imetulia saa ngapi.

Fanya zoezi hilo mara tatu wiki hii, ukimwomba mwalimu wa maabara, na usimruhusu tena mwenzako akushikie pipeti. Anakupenda, lakini siku ile hatakuwepo mezani kwako. Kama kemikali ni chache shuleni, jaza maji. Mkono unajifunza vilevile.

Usiku wa kuamkia pepa ya kwanza niliandika kwenye karatasi kila nilichokiogopa: kumwangusha baba aliyeuza shamba, kuchekwa kijijini, kukosa chuo. Nilifanya hivyo kwa kuwa sikuwa na wa kumwambia. Baadaye chuoni nilisoma kwamba Gerardo Ramirez na Sian Beilock wa Chuo Kikuu cha Chicago walichapisha mwaka 2011 matokeo ya majaribio ambamo wanafunzi waliopewa dakika 10 za kuandika hofu zao kabla ya mtihani walifanya vizuri zaidi, hasa wale wenye woga mwingi. Kwangu ilinipa usingizi, na hilo lilinitosha.

Uvumi wa pepa iliyovuja utakufikia, kila mwaka upo. Usifungue ujumbe huo wala usiusambaze. Matokeo yanaweza kufutwa, na hata ukiwa wa uongo umeshakuvuruga usiku mzima. Asubuhi kunywa uji au chai na kitu ulichozoea kula, fika mapema, beba kalamu mbili zinazoandika na kikokotoo kinachoruhusiwa, acha simu bwenini, na usisimame na wanaoulizana maswali mlangoni. Ukishakaa, andika namba yako ya mtihani kwenye kila ukurasa. Kazi hiyo ndogo inautuliza mkono kabla haujaanza kufikiri.

Swali likikushinda, liache. Kwenye pepa yangu ya Fizikia nililikuta namna hiyo mapema kabisa, na nilihisi joto likipanda shingoni. Niliandika kanuni niliyoijua na thamani walizotoa, kwa kuwa hatua sahihi zina alama zake hata jibu lisipofika, nikaacha nafasi ya nusu ukurasa, nikaendelea. Nilirudi zikiwa zimebaki dakika 11, nikaona kilichonizuia: kipenyo cha waya kilitolewa kwa milimita, nami nilikuwa nimekiingiza kana kwamba ni nusu kipenyo kwa mita. Sehemu mbili za kwanza zikakubali. Ya tatu sikuimaliza, kengele ikalia.

Baada ya pepa hiyo nilipita moja kwa moja hadi bwalo la chakula bila kulinganisha majibu na mtu, kwa sababu kesho yake palikuwa na pepa nyingine. Niandikie hapa ukishafanya praktiko ya Kemia, uniambie mikono ilikuwaje.