Kabla Hujachagua Isimu: Ushauri kwa Anayetaka Kuisoma kama Sayansi

Nilipowaambia jamaa zangu wa Mombasa kwamba nimepata nafasi ya kusoma isimu chuo kikuu, waliniuliza nitazungumza lugha ngapi nikihitimu. Swali hilohilo huulizwa na vijana wanaoniomba ushauri, kwa hiyo naanzia hapo: mtu anaweza kuhitimu isimu bila kujifunza lugha mpya hata moja, kwa kuwa kazi yake ni kueleza jinsi lugha inavyofanya kazi, kama vile mtaalamu wa mimea asivyolazimika kuwa na shamba.

Vyuo vyetu vingi huitoa kama shahada ya sanaa, ilhali MIT ya Marekani huitoa kama shahada ya sayansi, na Chuo Kikuu cha Victoria, Kanada, humwachia mwanafunzi achague. Jina la cheti lisikushughulishe sana. Chunguza kama idara itakufundisha kupima.

Chukua mfano nilioufanyia kazi mwaka wa tatu. Wazungumzaji wa Kiswahili cha Mombasa hutofautisha paa la nyumba na paa wa porini, ingawa tahajia ni moja: sauti ya p katika jina la mnyama huambatana na mpumuo, yaani pumzi ya ziada inayotoka mdomoni, na katika jina la sehemu ya nyumba haina mpumuo huo. Ndivyo ilivyo pia kwa kaa la moto na kaa wa baharini. Maelezo yanayokubalika ni kwamba majina ya viumbe hao yalikuwa na kiambishi cha nazali, yaani sauti ya puani kama m au n, ambacho kilidondoka mbele ya p, t na k, kikaacha mpumuo nyuma yake. Nadharia tete hii naipenda kwa sababu inaweza kushindwa: inatabiri kwamba "pande", wingi wa "upande", na "kuta", wingi wa "ukuta", zitakuwa na mpumuo, huku "ubao" ukihifadhi nazali yake waziwazi katika "mbao". Ukimsikia mzungumzaji wa lahaja hiyo akitamka "kuta" bila mpumuo, una jambo la kueleza.

Sasa kosa langu. Nilimwendea bibi yangu na simu, nikawa namtamkia neno naye analirudia, nikaondoka na rekodi 40 zisizofaa kitu, maana alikuwa akiniiga mimi, nami nilikuwa nimeshajua jibu ninalolitaka. Msimamizi wangu alizikataa zote, na alikuwa na haki. Niliporudi nilichukua picha, nikachanganya mpangilio wake, nikamwomba bibi aliingize kila neno katika sentensi ileile, "Nimesema paa leo". Nilizima pia pangaboi, ambalo mvumo wake mara ya kwanza ulifunika mpumuo wenyewe niliokuwa nikiutafuta. Rekodi hizo nilizifungua katika Praat, programu ya bure iliyotengenezwa na Paul Boersma na David Weenink wa Amsterdam, nikapima kwa milisekunde muda unaopita tangu hewa inapoachiliwa hadi nyuzi sauti zinapoanza kutetema, maana mpumuo huurefusha muda huo.

Bibi mmoja, hata hivyo, si lahaja. Nilihitaji wazungumzaji wengine, wazee kwa vijana, ridhaa ya kila mmoja wao, na takwimu, somo nililokuwa nikilikwepa tangu mwaka wa kwanza kwa kudhani kwamba nimeikimbia hisabati. Nililipia uvivu huo kwa likizo nzima. Lisome mapema, pamoja na lugha ya programu kama R, ambayo nayo ni ya bure, na kabla hujajaza fomu uliza kama idara ina maabara ya fonetiki, yaani ya kuchunguza sauti za lugha, na kama wanafunzi wa shahada ya kwanza hutumwa uwandani.

Nilipomaliza, bibi alitaka kujua kwa nini nimemsemesha maneno yaleyale asubuhi nzima. Nikamweleza. Akacheka, akasema, "Kwani nani asiyejua kuwa paa si paa?" Simu ilikuwa bado inarekodi, na tofauti baina ya paa hao wawili inaonekana wazi kuliko katika sentensi zangu zote.